Gari ya Viti Viwili Katika Banda la Mbuzi

Mashini yangu ya kusaga ilikuwa inaendeshwa na moteri ya gari ya anasa, na hakuna mutu aliyejali. Wanawake walipanda mulima na mihogo yao iliyokauka, wakaketi kwenye majani kungoja zamu, moteri ikanguruma, unga ukatoka, wakashuka. Huku kwetu, karibu na Muheto, mutu haulizi moteri ilizaliwa wapi. Anauliza kama unga utatoka laini.

Gari yenyewe ilikuwa pale pale, katika banda la mbuzi lililoshikana ukuta na mashini. Nieleze vizuri, maana mutu akisikia gari katika milima ya Masisi anafikiri jipe ya kubeba maharagi. Hii ni ndogo na ya chini. Nikisimama pembeni yake inanifika kiunoni. Ina viti viwili tu. Juu ni wazi: ilikuwa na paa ya kitambaa, panya wakaimaliza. Taa zake za mbele ni za mviringo, zimetoka nje kama macho ya chura, na moja imepasuka. Muzungu mmoja aliyekuwa na shamba kubwa hapa chini aliileta zamani, wakati njia ilikuwa bado njia, kwa kazi moja: kuikimbiza siku ya Mungu watu wakitoka kanisani, kila mutu amuone. Alipoondoka hakurudi. Gari akamuachia dereva wake, na huyo dereva ni baba mukwe wangu.

Baba mukwe aliitunza mpaka matairi yakaoza na njia ikafa. Kisha akafanya jambo la akili kuliko yote yaliyowahi kufanywa katika familia hii. Akaipandisha gari juu ya magogo, akatoa moteri, akaifunga kwa simenti upande wa pili wa ukuta, akaiunga na mashini ya kusaga kwa mukanda. Akalisha watoto wake wote na mashini hiyo. Ubaya ni kwamba alizeeka, akasahau kuwa alikuwa na akili.

Mashini ikawa yangu kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Niliingia kwao na diplome yangu ya sekondari na tumbo lililokuwa linaonekana tayari. Mama mukwe alikuwa amekufa, na kelele ya moteri ilikuwa inawaumiza wanaume kichwa. Mume wangu alikaa nami kidogo, kisha akashuka Walikale kuuza chumvi, sabuni na betri kwa watu wanaoingia porini. Akasema ataniita. Mutoto akazaliwa, akaketi, akatambaa, akasimama, na kwa telefone mume wangu alikuwa bado anasema ataniita. Ndege wa angani hachelewi kufika Walikale. Mama mwenye mutoto mugongoni anakutana na pori, na matope ya kufika magotini, na bariere za kulipisha, na wenye bunduki ambao wiki hiyo njo wenye njia.

Kwenye mulima huu baba mukwe aliniambia cha kufanya, shemeji akaniambia, mukuu wa kanisa akaniambia, mume akaniambia kutoka mbali. Mashini peke yake niliiambia mimi. Nilijifunza kusikia ikiwa na kiu ya maji. Nilijua kukaza mukanda, nilijua kufungua buji, kile kichuma cha kuwashia moto, na kuikwaruza kwa kisu mpaka iwake tena. Na kila kitu nilichoweka pembeni kilitoka kwake, kwa siku ambayo nitashuka Walikale mwenyewe bila kungoja kuitwa. Sikumuambia mutu. Nilisaga tu.

Halafu shemeji akaleta picha.

Shemeji yangu, mudogo wa mume wangu, anakaa Goma. Kazi yake ni kuwa na telefone. Alipanda wakati wa Noeli na viatu vyeupe, akaketi karibu na baba yake kwenye benchi ya nje, akamuwekea telefone chini ya macho.

“Papa, angalia. Hii si njo yetu?”

Baba mukwe aliisogeza mbali, akaikaribisha, akaikataa. “Hii iko nyekundu. Yetu iko ya kijani.”

“Rangi haiko kitu, Papa. Ni ndugu yake wa tumbo moja. Unajua waliiuza ngapi kule Bulaya?”

Akamuambia sikioni. Baba mukwe akaniomba maji, kwa sauti ya kugomba, kana kwamba ni mimi niliyemunong’oneza.

“Na bei inapanda,” shemeji akaendelea. “Kila mwezi inapanda. Zimebaki chache, matajiri wanazigombania. Mutu ananunua moja, anaiweka ndani ya nyumba, anaiangalia.”

“Haiendeshi?” nikauliza.

“Haiendeshi. Akiendesha inaharibika.”

“Basi tuko sawa na wao. Sisi tuliongeza mbuzi tu.”

“Bibi yetu,” akasema bila kuinua macho, “pumuzika na diplome yako. Haya hayako mambo ya unga.”

Yalikuwa mambo ya unga. Yeye njo hakujua bado.

Mununuzi alipanda wakati wa mavuno ya maharagi. Mpaka leo hatujapata mwingine. Shemeji alimupata Goma, wakapita Mubambiro na Sake kwa pikipiki, wakafika na vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakuwa ananunua kwa mufuko wake. Kulikuwa na watu mbali waliomutuma, yeye kazi yake ilikuwa kuona kwa niaba yao. Alikuwa na adabu, na alikuwa na woga. Sisemi woga kwa kumutukana. Aliogopa kila kitu kwa zamu, kwa utaratibu, kama mutu anayechambua maharagi.

Alianza kwa kutoa sumaku ndogo mufukoni. Akaifunga katika kitambaa, akaipitisha kwenye mwili wa gari, polepole, toka mbele mpaka nyuma.

“Hiyo ni dawa ya nini?” baba mukwe akauliza.

“Ni sumaku, Papa. Ikishika, ni chuma. Isiposhika, mutu aliziba tundu kwa mastiki, akapaka rangi juu yake. Tangu bei ipande, wezi wamepanda nayo. Wanachukua gari mbili zilizokufa, wanazishona, wanasema ni moja, ya asili. Wale wenye kunituma walishaumia. Sasa hawatoi kitu mpaka nishike kwa mukono.”

Sumaku ilishika kila pahali, hata pale nilipojua kulikuwa na matundu. Baba mukwe akatazama juu kama mutu asiyehusika. Kwenye matundu yote alikuwa amepigilia makopo ya mafuta ya kupikia, na kopo nayo ni chuma. Mununuzi akagonga kwa kidole, akasikiliza, akagonga tena.

“Hapa,” akasema, “niko ndani ya jiko ya mutu.”

Hata baba mukwe akacheka. Lakini mununuzi alipofungua kifuniko cha mbele, kicheko kikaisha. Ndani kulikuwa na kuku, amelalia mayai, akamuangalia kwa jicho moja.

“Moteri iko wapi?”

Baba mukwe na shemeji wakageuka kuniangalia mimi.

Mama mumoja alikuwa amefika na mihogo yake, nikaenda kumusagia kwanza. Mununuzi nikamuacha angoje. Nilipozima, aliingia, akachuchumaa kwenye moteri yangu, akaipangusa unga kwa kitambaa chake cha kufutia uso, akamulika kwa telefone, akapata namba iliyochongwa kwenye chuma. Akaenda kuangalia ile iliyo kwenye kibati cha gari. Akarudi. Akaenda tena. Namba ilikuwa moja.

“Ni yake,” akasema, na sauti yake ikawa ndogo. “Ni moteri ya kuzaliwa nayo. Papa, nyingi ziliishabadilishwa moteri. Ikiwa na yake, ni kitu kingine kabisa. Lakini siwezi kuambia wale watu kwamba moteri yenyewe inasaga mihogo. Iingie ndani ya gari, iwake, niisikie na masikio yangu. Kiisha tutazungumuza.”

Baba mukwe akataja bei ile aliyonong’onezwa. Mununuzi hakukataa, hakukubali. Akasema atarudi.

Hata hajafika bondeni, shemeji alikuwa ameita majirani na kamba na muti wa kubebea. Nilisimama kwenye mulango wa mashini, mutoto mugongoni.

“Na wanawake wa kesho?” nikasema. “Niwaambie nini?”

“Watatwanga.”

“Wewe ulishatwanga?”

“Bibi yetu, toka kwa mulango. Tukiuza, tutakununulia mashini ya mupya, ya moteri ya mazuti, na kiti ya kuketi.”

“Mutainunua mbele ya kugawana ao nyuma ya kugawana?”

Majirani wakacheka. Walivunja simenti, wakaibeba moteri yangu inavuja mafuta kama mutu anayetoka damu, wakamufukuza kuku. Baba mukwe mwenyewe ndiye aliyeifunga ndani ya gari, kila boloti aliijua pahali pake. Siku zile alikuwa na furaha. Sikuweza kumuchukia hata nilipojaribu.

Hapa lazima niseme jinsi familia hii inavyouza ng’ombe, kwa sababu hapo njo tulijifunga. Mununuzi anakuja, anaangalia, unamutajia bei. Asiporudi, alikuwa mupita njia. Akirudi, maana yake ng’ombe imeingia ndani ya usingizi wake, na hapo unapandisha. Akirudi tena, unapandisha tena, na unamupa bia, kwa sababu sasa ana haya ya kushuka mulima mikono mitupu mbele ya watu. Baba mukwe aliuza kila ng’ombe aliyowahi kuwa nayo kwa namna hiyo. Walinunua kila mara. Haikumuingia hata siku moja kwamba mutu anaweza kurudi kwa sababu ana mashaka.

Mununuzi alirudi mvua ikiwa imeanza. Waliwasha gari. Ilikohoa, ikatoa moshi, mbuzi wakatoka mbio, kisha ikaimba. Sauti ile niliijua, lakini ndani ya gari ilikuwa nyingine, ya juu, ya majivuno. Baba mukwe aliketi kwenye kiti cha dereva, akaingiza vitesi kwa muti wa gia, na magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka hewani juu ya magogo, chuma tupu bila matairi, kwa nguvu, kwa haraka, bila kwenda popote. Mutoto wangu akapiga makofi.

Mununuzi alisikiliza amefumba macho. Alipofumbua, akatoa neno la bei, lile la kwanza. Baba mukwe akataja bei nyingine, kubwa kupita ile.

“Papa, mara ya kwanza ulisema vingine.”

“Mara ya kwanza ulikuwa unapita. Sasa umerudi.”

“Nimerudi juu ya kuogopa, Papa. Mutu wa kupenda analipa, anaenda. Mimi narudia kuangalia kwa sababu sina hakika.”

Baba mukwe alinikonyeza, kama mutu aliyemushika mwizi wa kuku. “Unaona? Imemuuma.”

Niliona kwamba mutu yule alikuwa anasema kweli. Lakini hakuna aliyeniuliza, na ningesema, wangesema nataka moteri yangu. Na ningekuwa naitaka.

Mununuzi akavaa kofia. “Nitawaambia wenye kunituma. Lakini musitoe moteri tena. Ikitoka na kuingia, hata mimi mwenyewe sitaamini.”

Basi moteri ikafungwa humo. Shemeji akarudi Goma na kuanza kutuma sauti kwa telefone, na mimi ndiye niliyekuwa na telefone ya kuzipokea. “Ambia Papa imepanda tena. Ambia Papa moja imeuzwa, haina hata moteri yake. Ambia Papa asikubali haraka.” Nilikuwa nasikiliza hayo mikono ikiwa na malengelenge ya mutwangio. Wanawake waliacha kuja. Wenye nguvu walishuka kwenye mashini ya kule chini, nusu siku ya kwenda na kurudi, kwa njia ambayo mutu hapendi kupita peke yake. Wengine walitwanga. Jirani yangu mumoja, tulisoma darasa moja, ana ulimi kama kiwembe, akipita na kinu kichwani aliniita: “Mama ya gari, leo umetwanga na gari gani?”

Nilichoweka kwa ajili ya Walikale kilianza kurudi nyuma. Nilinunua unga, mimi niliyekuwa nauza kusaga.

“Papa,” nikamuambia baba mukwe, “turudishe moteri.”

“Mununuzi atarudi.”

“Asiporudi?”

“Bei itakuwa imepanda.”

Jaribu kujibu hilo. Akirudi, tungoje. Asiporudi, tungoje zaidi, maana kadiri tunavyongoja ndivyo tunavyotajirika. Hakuna upande ambao tungetokea. Niliwahi kufungiwa ndani kwa sababu ya risasi, siku nzima chini ya kitanda, mutoto ananyonya, lakini risasi zinakwisha, mutu anafungua mulango. Safari hii nilikuwa nimefungiwa ndani ya bei, na bei haichoki. Hasira ilinifanya nisilale. Nilimugombeza mutoto bila kosa. Mume akipiga kutoka Walikale akauliza habari, nilimuambia tuko matajiri, na nikakata.

Asubuhi moja nilimukuta mutoto bandani. Alikuwa ameketi kwenye majani ya mbuzi, ameshika ile chuma ya gurudumu la nyuma, anaizungusha kwa mikono miwili, inazunguka, inasimama, anaizungusha. Nikasimama hapo na ndoo mukononi. Nikakumbuka siku ile magurudumu yalivyokimbia hewani. Nikaangalia ukuta. Upande wa pili wa ukuta, mashini yangu. Mukanda wangu ulikuwa bado umetundikwa kwenye musumari.

Walisema moteri isitoke. Hakuna aliyesema haiwezi kufanya kazi ikiwa humo.

Baba mukwe alikuwa ameenda kanisani kwa mukutano wa wazee. Nilichukua jembe, nikatoboa ukuta wa udongo. Nikapitisha mukanda kutoka kwenye chuma ya gurudumu mpaka kwenye mashini. Mukanda ulikuwa mufupi, nikaushonea kipande cha tairi ya zamani kwa waya. Nikamuita yule jirani wa ulimi, kwa sababu nilihitaji mutu wa kumwaga mihogo na yeye ndiye aliyekuwa karibu. Nikaingia kwenye kiti cha dereva. Sikuwahi kuendesha kitu katika maisha yangu.

Iliwaka. Nikaingiza vitesi, nikaachilia polepole kama nilivyomuona muzee. Gurudumu lenye mukanda likatetemeka, likasimama. Lile lingine, lisilo na kazi, likaanza kukimbia kama limepagawa. Nikaongeza mafuta. La kazi likasimama vilevile, na la bure likaongeza mbio.

Jirani yangu aliangalia moja, akaangalia lingine. “Hii gari inajua familia yako,” akasema. “Mumoja amekataa kazi, mwingine anajionyesha Goma.”

Nilicheka mpaka nikazima moteri. Nilikuwa sijacheka tangu simenti ivunjwe. Kisha nikachukua kamba ya ng’ombe, nikafunga lile la bure kwenye nguzo ya banda. Kamba ikakatika kwa mara ya kwanza tu. Nikachukua munyororo. Munyororo ulishika, na gurudumu lililokosa pa kukimbilia likampa nguvu mwenzake. Mukanda ukalia, ukashika. Kutoka upande wa pili wa ukuta nilisikia mashini yangu inaamka, na jirani anapiga yowe, na unga.

Nilijaribu kuweka jiwe kwenye pedali ya mafuta ili nishuke. Jiwe zito liliifanya ipige kelele ya kufa, jiwe jepesi likaizima. Kila mihogo inapoingia, moteri inashuka, lazima muguu uisikie na kuisaidia. Nikabaki kwenye kiti.

Baba mukwe alirudi, akasikia kutoka chini ya mulima. Alipanda na fimbo, anahema, akasimama kwenye mulango wa banda.

“Unafanya nini na gari yangu?”

“Sijatoa moteri, Papa. Iko pahali ilipozaliwa.”

Akazunguka gari yote. Akaangalia tundu kwenye ukuta, mukanda, munyororo. Nilingoja fimbo. Akatega sikio, uso ukakunjamana.

“Uko kwa vitesi ya kwanza,” akasema. “Utaiua. Tia ya tatu.”

Nikatia ya tatu. Moteri ikashusha pumuzi. Muzee akabaki hapo mpaka jioni, akidai anailinda.

Wanawake walirudi mumoja mumoja, kisha wote. Walikuwa wanamwaga mihogo yao wenyewe na kukinga unga wao wenyewe, kwa sababu mimi sikuweza kuondoka kwenye kiti. Kupitia tundu la ukuta walikuwa wananipigia kelele: “Chauffeur, tumefika wapi?” Nami nikawajibu, “Sake.” Siku nyingine, “Goma, mushuke na mizigo yenu.” Gari ya kijani ikawa nyeupe.

Hivyo njo mununuzi alivyotukuta aliporudi. Shemeji alikuwa mbele yake, na nilimuona anavyobadilika rangi. Akaanza kunitukana kabla hajafika, mama, baba, diplome. Mimi sikutoa muguu. Kulikuwa na kikapu cha mama mujane kinasagwa.

“Bibi yetu ameua pesa,” shemeji akamuambia baba yake. “Ameua pesa ya familia.”

Mununuzi hakugomba. Alipitisha kidole kwenye mulango wa gari, akaangalia unga, akaonja kidogo, sijui kwa nini. Akachuchumaa kwenye namba yake na kuisoma tena. Kisha akatega sikio.

“Inasikika muzuri kuliko siku ile,” akasema. “Moteri ya kukaa bure njo inaoza.” Akatoa telefone akaanza kuchukua picha inayotembea, gari, mukanda, mimi na mutoto kwenye mapaja.

“Usiwaonyeshe hiyo,” shemeji akasema.

“Nikiwaficha, nitakuwa sawa na wale wenye kushona gari mbili. Walinituma niseme kitu ninachoona. Naona gari moja, ya kweli, inafanya kazi.” Akamugeukia baba mukwe. “Papa, wamekubali ile bei ya pili. Leo. Nimekuja kumaliza.”

Nilizima. Wanawake upande wa pili wa ukuta wakasogea kwenye tundu. Bei ile ya pili ilikuwa ile ambayo baba mukwe mwenyewe aliitaja kwa mudomo wake. Neno moja lingetosha, ndiyo, na gari ingeshushwa mulima na moteri ndani yake, na mimi ningebaki na tundu kwenye ukuta, na ahadi ya kiti.

Baba mukwe aliniangalia. Sijui kwa nini mimi. Labda kwa sababu kwa majuma yale tulikuwa tumekaa wawili kwenye banda, yeye akinifundisha kusikia, mimi nikiendesha. Nilijua hasa kilichokuwa kinapita kichwani mwake. Amerudi tena. Ukirudiwa tena, unapandisha, unaleta bia.

Ningeweza kusema: Papa, huyu hanunui ng’ombe, kubali. Nilikuwa nimelaani ile tabia yao tangu mvua za kwanza.

Nilishuka kwenye gari, nikaenda kuleta bia.

Niliporudi na chupa, bei mpya ilikuwa imetajwa, na mununuzi alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono kwenye magoti. Alikunywa bia yake kwa adabu mpaka chini. Alinishukuru kwa kuileta, akaniangalia muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika kwa chupa moja ya bia, na nikafikiri huyu mutu wa mashaka ameelewa kila kitu. Akashuka mulima kabla mvua haijanyesha. Hajarudi.

Shemeji anaendelea kutuma sauti. Imepanda, ambia Papa. Ninamuambia. Nampa telefone kabisa, asikie mwenyewe, na baba mukwe anatikisa kichwa, anasema tungoje. Zamani sauti hizo zilinifanya nitake kuvunja telefone. Sasa siku ambayo hazijaja ninaogopa. Nikisikia kwamba huko Bulaya wameanza kuziuza kwa hasara, nitajua kwamba muzee atauza kwa mupita njia wa kwanza.

Ninaweka tena pembeni. Kinakua. Juzi mume wangu alipiga kutoka Walikale, akasema amepata chumba chenye bati, njia iko inapitika, nikuje. Njo ile simu niliyoingoja tangu mutoto akiwa tumboni. Na nilikuwa na nauli. Nikamuuliza nani atakaa kwenye gari. Akauliza gari gani. Nikamueleza kwamba siku nikishuka, kesho yake mudogo wake atafungua munyororo, na kesho kutwa sitakuwa na kitu chochote duniani kinachonisikiliza, nitakuwa mama wa chumba chenye bati, nangoja chumvi iuzwe. Telefone ikakula uniti. Akasema, “Sasa unakuya ao haukuyi?”

Nikamuambia kuna watu kwenye mustari, na hilo lilikuwa kweli.

Nimeketi hapa nikiandika kwa vipande, kati ya kikapu na kikapu, daftari juu ya usukani usiogeuza kitu. Mbele yangu kuna ukuta mwingine wa banda, wa mbao, umbali wa mukono. Mutoto amelala kwenye kiti cha pili, unga kwenye kope. Jirani yangu ameingiza kichwa kwenye tundu.

“Chauffeur, leo tumefika wapi?”

“Walikale,” nimemujibu.

“Shuka basi ukamusalimie bwana yako.”

“Siwezi. Nikitoa muguu, inazima.”